Sharubati ya Saheb

Shavu la Mukta lilianza kuvimba Jumatano, na kufika Ijumaa jicho la upande ule lilikuwa halifunguki tena. Bibi yake, Indumati Shelke, alikuwa amekwishajaribu karafuu, amejaribu chumvi iliyokaangwa ikafungwa kwenye kitambaa, ameweka na nadhiri kwa mungu wa kilimani. Vyote havikufua dafu. Ijumaa asubuhi alimbeba mtoto mgongoni, msichana wa miaka tisa mwenye miguu inayoning'inia mpaka magotini mwa mbebaji, akapanda naye basi mpaka hospitali ya serikali.

Mtoto alikuwa wa mwanawe Sambhaji, dereva wa teksi kule Pune. Sambhaji na mkewe walifanya kazi mjini, wakirudi kijijini kwa sikukuu tu, kwa hiyo Mukta alikuwa wa bibi. Akipata homa ni aibu ya bibi, akifaulu mtihani ni sifa ya bibi.

Daktari wa meno alikuwa msichana mwembamba, jina lake Nilofar Mujawar, mwenye mikono midogo na sauti ya kuamuru. Alipiga sindano ya ganzi, akangoja, akamwambia Mukta amtazame panya aliyechorwa darini. Darini hapakuwa na panya yeyote. Mukta alipokuwa bado anamtafuta, jino likatoka, na usaha nyuma yake.

"Hili ni jino la ukubwani, shangazi," daktari alisema, akiligeuza kwenye mwanga. "Limeota juzi tu. Halioti jingine hapa. Mtoto huyu anakula nini?"

Indumati alijitetea upesi. "Anakula tunachokula sisi. Mkate wa mtama, dengu, pilipili ya kutwanga. Peremende mimi simnunulii. Waulize majirani, wananiita bahili."

"Na shuleni?"

Mukta akajibu mwenyewe, pamba imejaa mdomoni. "Falubati."

"Sharubati ya Saheb," Indumati akafafanua, na papo hapo akaelewa kwa nini daktari aliuliza habari za shule.

Hakuna mtu bondeni asiyeijua. Saheb alikuwa mwenyekiti wa kiwanda cha sukari, na kiwanda ndicho kilichokuwa kila kitu: kilinunua miwa, kilijenga barabara, kilikuwa na chuo, hospitali na benki, na Saheb mwenyewe alikuwa na kiti katika bunge la jimbo. Siku alipotimiza miaka sabini, aliahidi kwamba kila mtoto wa shule katika eneo la kiwanda atapata, kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, gilasi ya sharubati ya rangi ya machungwa kutoka kwenye mtambo mpya wa kiwanda. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Wazazi walikuwa wameshukuru. Indumati mwenyewe alikuwa ameshona shada la maua ya kumvisha.

"Nimekagua shule zote za tarafa hii," Nilofar alisema. "Kule juu mlimani, ambako gari la kiwanda halifiki, watoto wana meno ya kutafunia mifupa. Huku chini mtoto wa darasa la nne anatafuna upande mmoja kama kizee."

"Sasa mbona husemi?"

"Mbona nimesema! Nimesema mpaka mkuu wangu ameniambia niandike kwamba watoto hawajui usafi, basi, yaishe. Mimi ni mwajiriwa, shangazi. Nikipiga kelele, ni kelele za daktari mmoja. Lakini wazazi wa shule wakikataa, hayo ni maneno ya wananchi. Kwani mwenyekiti wa kamati ya wazazi kwenu ni nani?"

Indumati aliangalia vidole vya miguu yake. Kiti kile alikipata kwa sababu sheria ilitaka awe mwanamke, na wanawake wengine wote waume zao walikuwa wamekataa.

"Ni mimi," akasema.

*

Mkutano ulifanyika kwenye baraza ya shule. Mwalimu mkuu, Kumbhar, mtu mwema aliyebakiza miaka michache astaafu, alizungumza huku akifuta jasho la uso.

"Mama Sambhaji, jambo hili tulitafakari kwanza. Zawadi ya mtu mkubwa hairudishwi hivi hivi kama vyombo vya jirani."

"Wewe tafakari, mwalimu," Chandrabai, mke wa mfinyanzi, alimkata. "Una usingizi wako. Sisi tunakesha na watoto wanaolia meno."

"Wangu hata mtama hawezi kutafuna," mwingine akadakia. "Namlowekea kwenye chai kama mkwe wangu asiye na meno."

Wanawake walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na hasira ndani yake. Indumati hakujua kuhutubia. Alisimama tu, akatoa lile jino la Mukta lililofungwa kwenye karatasi, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. "Mimi sina la kusema zaidi ya hili," alisema. "Anayetaka sharubati iendelee, anyooshe mkono." Mikono haikunyooshwa. Kesho yake mapipa ya sharubati yalirudishwa kwenye gari la kiwanda, na dereva alikuna kichwa kwa sababu hakuwa amewahi kurudi nayo yakiwa yamejaa.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Nilofar alikuja kijijini siku ya mapumziko, akaketi jikoni, akala mikate mitatu na pilipili mpaka pua ikatiririka. Alileta habari kwamba serikali ya jimbo ilikuwa inaandika sera ya afya ya kinywa, na kamati ingepita wilayani kusikiliza watu. Azimio la kijiji chao, Sonarwadi, lilikuwa limeingizwa kwenye rasimu: kusiwe na shule yoyote, jimbo zima, itakayogawa au kuuza kitu cha sukari kwa watoto.

"Jimbo zima?" Rangrao, mume wa Indumati, aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye masikio makubwa na moyo mpole.

"Jimbo zima, mzee. Kwa sababu ya mkeo."

Rangrao alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake anajua kusoma. Usiku ule alimchokoza. "Mama Sambha, sasa wewe ni waziri. Mimi nitakuwa nakubebea mkoba."

"Anza kwa kubeba ndoo ya maji," alimjibu. Wakacheka, na Mukta akacheka nao bila kujua wanacheka nini.

*

Msimu wa kusaga miwa ulianza. King'ora cha kiwanda kililia, bonde likajaa harufu ile ya utamu uliooza, na wakata miwa wakashuka kutoka wilaya kavu za mbali, na ng'ombe wao na watoto wao, wakapiga vibanda pembeni mwa mashamba. Hapo ndipo mkulima anapofahamu yeye ni nani. Miwa haikatwi kwa sababu imekomaa. Inakatwa kiwanda kinapotoa kibali, na kibali hutoka kwa zamu, na zamu hupangwa ofisini.

Shamba la Rangrao lilikuwa limepandwa mapema kuliko yote upande ule wa mfereji. Zamu yake ilikuwa ya mwanzo. Wakata miwa walikuja, wakakata shamba la kulia. Wakakata la kushoto. Kisha wakaruka mfereji, wakaendelea mbele.

"Orodha inatoka juu, mzee," alisema Popat Jagdale, bwana shamba wa kiwanda, bila kushuka kwenye pikipiki. "Mimi ni karani tu. Wiki ijayo, pengine."

Wiki iliyofuata alisema vivyo hivyo, na ile ya baada yake hakupokea simu. Mwezi wa Januari miwa ya Rangrao ilianza kutoa mashada, yale manyoya meupe yanayopendeza machoni mwa mgeni. Muwa ukishatoa shada, utamu wake unapungua, kiini kinakuwa kama boriti iliyoliwa na mchwa, na uzito unakwenda na upepo. Kila aliyepita njiani aliyaona mashada, na kila aliyeyaona alielewa. Hapakuwa na haja ya mtu kutaja sharubati. Chandrabai, yule yule wa mkutanoni, alianza kupitia njia ya nyuma asikutane na Indumati. Mumewe alitegemea makapi ya miwa ya kiwanda kuchomea vyungu vyake.

Rangrao alikwenda ofisini amevaa kilemba kipya. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka mlinzi alipofunga madirisha. Aliporudi, Indumati alimuuliza wamesema nini.

"Wamenipa chai."

"Na nini tena?"

"Na chai nyingine." Akavua kilemba, akakikunja taratibu sana. "Watu wa heshima. Hakuna aliyenitolea neno baya."

Angemlaumu, angevunja chungu, angesema yote haya umeyaleta wewe na mdomo wako, Indumati angepata pa kushika. Lakini Rangrao hakusema. Alikaa ukingoni mwa shamba akitazama miwa kama mtu anayemuuguza mgonjwa asiyezungumza, na jambo hilo ndilo lililomkata maini mkewe.

Siku moja, kamati ya serikali ikiwa inatarajiwa wiki ile, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Saheb alishuka peke yake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi kwenye kitanda cha kamba, akamshika Mukta kidevu.

"Dada, nipe chai. Usiogope kuweka sukari, mimi bado ni mtoto wa miwa."

Indumati alileta chai.

Saheb alikunywa, akasifu, kisha akaingiza vidole kinywani akatoa meno yake yote ya juu, akayaweka kwenye kiganja. Uso wake ukaanguka kama hema lililong'olewa mti. Mukta alipiga ukelele.

"Unaona, mjukuu?" alisema kwa sauti ya mapovu. "Nilikuwa na miaka arobaini sikubakiwa na hata moja. Mimi nani alinipa sharubati?" Akayarudisha, akajikwatua, akawa tena mtu wa kwenye picha. "Dada, nimesikia miwa yenu imechelewa. Nimemkaripia Jagdale. Hayo si mambo ya kumfanyia mwanachama wa ushirika."

"Ahsante, Saheb," Rangrao alisema upesi.

"Sasa kamati ya serikali inakuja. Wasomi hao. Wanataka kumsikia mama wa kijijini, na mimi nimesema, kama ni mama, basi awe mama Shelke. Sikuambii useme uongo. Mungu aniepushe! Nakuuliza tu. Wewe unatumia mishri?"

Indumati alifunga midomo. Mishri ni ile tumbaku inayochomwa juu ya kikaango ikasagwa, na wanawake wa kwao huisugulia meno alfajiri na kila wapatapo nafasi. Ilikuwa imeyafanya meno yake meusi tangu ujanani.

"Natumia."

"Mama yako?"

"Alitumia."

"Mtoto huyu anapiga mswaki kila usiku kabla ya kulala? Kila usiku?"

Kulikuwa na siku nyingi Mukta alilala na vumbi la mchana miguuni.

"Unaona?" Saheb alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Hayo ni ya kweli au si ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi waambie ya kweli. Mimi napenda ukweli, dada." Alisimama, akamshika Rangrao bega, akavaa viatu vyake, akaenda.

Gari liliondoka. "Sikuambii kitu," Rangrao alisema mwishowe.

"Ungeniambia ingekuwa nafuu," Indumati alimjibu, akachukua kikombe alichonywea Saheb, akakisugua kwa majivu mpaka vidole vikauma.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wa chuo cha udaktari wa meno, kilichokuwa mali ya wakfu wa Saheb, na jina la baba yake lilikuwa limechongwa juu ya lango. Nilofar alikuwa amefika mapema. Alikuwa amebandika michoro yake ukutani, shule za mlimani kwa kijani, za bondeni kwa nyekundu, na alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha pili ili mtu asikikalie.

"Kaa hapa, shangazi," alinong'ona, akang'aa uso. "Usiogope. Zungumza nao kama ulivyozungumza na Mwalimu Kumbhar. Jino umekuja nalo?"

"Nimelisahau," Indumati alisema. Lilikuwa kwenye pindo la sari yake.

Walimwita kabla ya daktari. Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa mstaafu mwenye sauti laini, akamwomba mama ajisikie nyumbani. Nyuma kabisa ya ukumbi Jagdale alikuwa amesimama, mikono kifuani, akitazama simu yake kama mtu asiye na habari na lolote.

Indumati alianza. Alisema watoto wa siku hizi hawapendi mswaki. Alisema akina mama wanakwenda shambani kabla ya kucha, hawana muda wa kuwasimamia. Alisema wao wenyewe, kina mama, wanatumia mishri, na mtoto huiga anachokiona. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila alipotoa moja, alihisi kama anayejivua nguo mbele za watu.

"Je, mama," profesa aliuliza, "ungeturuhusu tuone? Ni kwa elimu ya umma."

Alifungua kinywa. Kulikuwa na mpiga picha, na mwanga ulimulika mara kadhaa. Mtu mmoja wa kamati aliguna kwa masikitiko.

Nilofar alisimama. "Mheshimiwa, naomba nimuulize shangazi swali moja tu." Hakungoja ruhusa. "Shangazi, siku ile tulipomng'oa Mukta jino, tulizungumza kuhusu sharubati. Kijiji chako kimeikataa sharubati. Waambie kwa nini."

Indumati alimtazama yule msichana, mikono yake midogo imeshika ncha za karatasi, na aliona kwamba bado anamwamini. Bado, hata pale, alikuwa anadhani shangazi yake ameingiwa na woga tu na anahitaji kusaidiwa kidogo.

"Sikumbuki, daktari," alisema. "Siku ile mtoto alikuwa analia sana."

Nilofar alibaki amesimama kidogo, kisha akaketi. Zamu yake ilipofika alizungumza kwa haraka, na profesa akamkumbusha mara mbili kwamba muda ni mdogo. Kabla ya kufunga, profesa alisema kwamba katika ziara yote ya kamati hajasikia ushuhuda wa kishujaa kama wa mama kutoka Sonarwadi, na watu wakampigia makofi.

Kesho yake asubuhi, kabla Mukta hajaamka, wakata miwa walikuwa shambani.

"Hii miwa au kuni?" kiongozi wao aliuliza, akivunja muwa kwa goti. "Mlikuwa mnaiweka akiba ya nini, mzee?"

Rangrao alicheka kwa sauti, yeye asiyecheka na wageni. Alifunga maua mbele ya trekta kama ilivyo desturi, akagawa chai, akakimbia huku na huku kama kijana. Tela lilijaa mpaka juu, lakini lilipopanda mizani ya kiwanda lilikuwa jepesi la kutia huruma. Hata hivyo alirudi ameridhika. "Afadhali hivi," alisema. "Ingekauka yote ingekuwaje?" Indumati alimwekea chakula. Alitaka kufurahi pamoja naye, akashindwa, na akaona vibaya kwamba ameshindwa.

*

Uhamisho wa Nilofar ulitoka joto lilipokuwa kali. Alipelekwa mashariki kabisa, wilaya ya misitu, siku nzima kwa treni na kipande kingine kwa basi. Indumati alisikia kwa muuza dawa. Alikaanga karanga, akazitia kwenye mfuko pamoja na pilipili ya kutwanga, akaenda kumuaga.

Alimkuta anafunga vyombo vyake kwenye magazeti. Hakumfukuza. Alimsogezea kiti, akaendelea kufunga.

"Walikuwa wamezuia miwa yetu," Indumati alisema.

"Najua. Wilaya nzima inajua."

"Mume wangu alikuwa anakwisha. Ungemwona, daktari. Nilisema ya kweli tu, sikutia uongo hata..."

"Shangazi, najua ulivyobanwa. Nimekaa nikalifikiria hilo sana, na sina hakika kwamba mimi ningefanya vingine." Nilofar alikuwa na koleo mkononi, na alilifunga kwa uangalifu mkubwa, kama linalovunjika. "Lakini wewe ulikuwa na miwa, una mume, una kijiji. Mimi nilikuwa na wewe peke yako. Ungeniambia kabla. Nikiwa nimekaa pale, nimekuwekea kiti kwa mkoba wangu, ungeninong'oneza tu, 'daktari, leo siwezi.' Nisingekusimamisha mbele za watu."

Indumati aliweka mfuko mezani.

"Karanga sitaki," Nilofar alisema. "Mpelekee Mukta. Atafunie upande wa kulia."

Sera ilitoka na mvua za kwanza. Mwalimu Kumbhar aliwasomea wazazi kwenye baraza ya shule kwa sauti ya ibada. Ilizungumzia mswaki, na namna ya kuushika. Ilizungumzia mafunzo kwa akina mama, na vita dhidi ya mishri. Sukari ilitajwa mahali pamoja tu, katika ukurasa wa shukrani, pale serikali iliposhukuru viwanda vya sukari kwa ufadhili wa uchapishaji. Kumbhar alipofika hapo alikohoa, akafunua ukurasa.

Baada ya sera yakaja mabango. Yalibandikwa shuleni, zahanati, kituo cha basi, ukuta wa kituo cha maziwa. Yalikuwa na picha ya uso wa mwanamke aliyefungua kinywa wazi, meno meusi, ufizi ulioliwa, na chini yake kwa herufi kubwa: MAMA, USIMRITHISHE MWANAO HAYA. Macho yalikuwa yamezibwa kwa mstari, kwa ajili ya heshima. Lakini kidevu kilikuwa na chale ile ya kijani anayochanjwa msichana wa kwao akiwa mdogo, na hakuna mtu Sonarwadi asiyeifahamu chale ya Indumati Shelke.

Mukta alirudi nyumbani kola imechanika, goti linatoka damu. Darasani walikuwa wamempa jina jipya, Mjukuu wa Chungu, kwa ule weusi wa meno ya bibi. Alipigana na wawili, akashindwa na mmoja.

Indumati alimwosha goti. Mtoto alivumilia dawa bila kulia, kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kufahamu:

"Bibi, kwa nini uliwafungulia mdomo?"

"Waliniomba."

"Mtu akiomba ndiyo unafungua?"

Asubuhi Indumati alimshika mkono wakaenda pamoja shuleni. Alitaka bango lile liondolewe, na alikuwa amejiandaa kumwambia hivyo mwalimu kama mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Kumbhar alimtoa pembeni, jasho likimtiririka. "Bango ni la serikali, Mama Sambhaji. Nikilichana nachaniwa mimi pensheni. Na, samahani, kamati ilichaguliwa upya mwezi wa Aprili. Mlikuwa shambani. Mwenyekiti sasa ni mke wa Jagdale."

Watoto walimaliza wimbo wa taifa. Kando ya mlingoti wa bendera yalikuwa yamesimama mapipa, yale yale, yamepakwa rangi mpya. Kila mtoto alipokea gilasi ya sharubati, akainywa, kisha akapokea mswaki wenye rangi ya machungwa, nembo ya kiwanda kwenye mpini, wakasugua wote kwa pamoja huku mwalimu mmoja akihesabu kwa filimbi.

"Si ndivyo sera inavyosema?" Kumbhar alijitetea, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mtoto apige mswaki baada ya kula au kunywa. Haikusema anywe nini."

Mukta alikuwa kwenye mstari. Bibi yake alimtikisia kichwa kwa mbali, usinywe. Mtoto alimwona. Aliwaona pia wenzake waliokuwa wanamtazama, na bango nyuma yao, na mwalimu mwenye filimbi. Akainua gilasi akainywa yote, akajifuta mdomo kwa mkono, akageuza uso.

Indumati alirudi nyumbani kwa miguu. Rangrao alikuwa ukingoni mwa shamba, ambako visiki vya miwa vilikuwa vimechipua vyenyewe, vibichi, vimefika magotini. Alikuwa na furaha ya kumweleza kitu.

"Jagdale amepita. Anasema msimu ujao tutakuwa wa kwanza. Wa kwanza kabisa, Mama Sambha, kabla hata ya shamba la mjomba wake."

"Nimesikia."

"Wa kwanza! Hatujawahi."

"Nimesikia, Baba Sambhaji."

Rangrao akaomba chai. Indumati aliingia ndani, akawasha moto, akaweka majani na maziwa, na sukari akaichota kwenye gunia la mgao ambalo kiwanda huwapa wanachama, kwa sababu nyumbani hapakuwa na nyingine. Rangrao aliinywa akiwa amechuchumaa, macho shambani, akasema chai ya leo ni nzuri.